Njia ya Kutokea: Historia ya Maji Machafu katika Barabara ya Rusumo

Mimi ni fundi bomba wa Bisibo, wilayani Biharamulo. Kazi yangu nimeifanyia kando ya barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama, ikapita Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura, ikaingia wilaya ya Ngara na kuteremka mpaka daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda. Mteja akiniita, ataniuliza maji yatafika lini na yatatoka kwa nguvu kiasi gani. Wachache sana huniuliza yataelekea wapi yakishatumika. Hata wanaosimulia historia ya maji katika nchi yetu huanzia kisimani, wakafika kwenye bomba, wakaishia kwenye ndoo iliyojaa. Mimi nataka kusimulia kinachofuata: safari ya maji ya kuoshea vyombo, ya kufulia na ya kuogea, tangu enzi za bibi zetu hadi magari ya siku hizi ambayo watu wanapika, wanaoga na kulala humo humo.

Ninayo sababu. Katika miaka mia moja iliyopita watu wa upande huu wamekusanywa mahali pamoja tena na tena: kwa sababu ya mbung'o, kwa sababu ya vijiji, kwa sababu ya vita vya nchi jirani, na sasa kwa sababu ya biashara ya barabarani. Kila mara maji ya kuingia yalitangulia na njia ya maji ya kutoka ikachelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakoleta kuhara, na wa kwanza kuumia huwa ni watoto wadogo. Historia hii basi ni ya manufaa kwa yeyote anayejenga, anayepangisha au anayeegesha gari katika barabara yetu leo.

Nianze na desturi niliyoikuta nyumbani. Zamani miji ya watu ilikuwa mbalimbali, kila mji na migomba yake nyuma ya nyumba. Maji yaliteremkiwa bondeni na kupandishwa kichwani, kwa hiyo hayakuchezewa. Bibi yangu mzaa mama alisugua sufuria kwa majivu na mchanga, akaisuuza kwa maji kidogo. Maji ya kwanza, yenye makombo, yalikwenda kwa mbuzi au kuku. Ya pili yalimwagwa kwenye shina la mgomba, na hakuruhusu shina lile lile limwagiwe kila siku. Ilikuwa ni lazima kuzunguka. Mtoto aliyemwaga maji mlangoni aliitwa na kuambiwa arudi achukue jembe, akwangue tope alilolifanya.

Nilipokuja kujifunza ufundi niliona kwamba utaratibu ule ulikuwa kamili. Maji yalikuwa machache, hayakuwa na sabuni, mafuta yalikuwa kidogo, na ardhi ya kuyapokea ilikuwa pana. Udongo wa juu una vijidudu vinavyokula uchafu wa jikoni na kuugeuza kuwa mbolea, mradi upate nafasi ya kukauka kati ya siku na siku. Ukiumwagia mahali pamoja kila asubuhi na kila jioni, matundu yake yanaziba, hewa inakosekana, na harufu inaanza. Bibi hakuwa na maneno ya kitaalamu ya kulieleza jambo hilo. Alikuwa na sheria, na sheria ilitosha.

Sheria hiyo ilianza kubanwa watu waliposogezwa karibu. Wajerumani walijenga boma lao Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, na mji mdogo ukakua kulizunguka. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Mwingereza, ikipambana na ugonjwa wa malale, iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika kutoka kwenye vichaka vya mbung'o na kuwaweka katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa. Upande wetu haukusalimika na amri hizo. Familia zilizozoea kuwa na bonde lao zikajikuta zinatumia chemchemi moja na jirani wengi. Mapori yalibaki kwa wanyama, na hata leo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, inapakana na maisha yetu. Mpango ule wa kuwahamisha watu ulihesabu umbali kati ya kaya na kichaka. Umbali kati ya chemchemi na mahali pa kufulia uliachiwa busara ya akina mama.

Mkusanyiko wa pili ulikuja baada ya uhuru. Mwaka 1973 nchi nzima ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadili malaria, kuhara damu, minyoo, kichocho na kifua kikuu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Baba yangu alikuwa katika kikundi kimoja, na alihifadhi kitabu cha kampeni hiyo mpaka karatasi zikageuka rangi. Katika miaka hiyo hiyo Operesheni Vijiji iliwapanga watu wa mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera, katika mistari ya viwanja. Ile kampeni ilifanya kazi kubwa na nzuri, na vyoo vingi vya eneo letu vina asili yake pale. Lakini ilipofika kwenye maji ya vyombo na ya kuogea, fundisho lilikuwa ni kufukia dimbwi. Dimbwi lililofukiwa bila maji yake kupewa njia hurudi hatua chache pembeni.

Wakati huo huo maji yenyewe yalibadilika. Sabuni ya mche ilienea vijijini, ikafuatwa na sabuni ya unga, na mafuta ya kula ya dukani yakachukua nafasi ya samli na karanga. Mafuta ya moto yakikutana na maji baridi bombani huganda. Sabuni ikichanganyika na mafuta hayo hutengeneza utando mweupe, mzito, unaong'ang'ania ukuta wa bomba na kuziba udongo haraka kuliko majivu ya bibi yalivyoweza kuuziba. Mgomba wa nyuma ya nyumba bado ulikuwepo, lakini ulikuwa unaletewa kitu kingine.

Kisha ukaja mwaka 1994, na hapo ndipo mimi nilipoanza kazi hii.

Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Walikaa Benaco, mahali palipopata jina kutoka kwa kampuni ya Kiitalia iliyokuwa na kambi yake pale wakati wa kujenga barabara. Palikuwa na bwawa jirani, na bwawa hilo ndilo lililofanya mahali pale pachaguliwe. Baadaye zikafunguliwa kambi nyingine: Lumasi, Musuhura, Kitali, na Lukole ya Warundi. Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba, na nilikwenda kutafuta kibarua cha kubeba mabomba.

Yalikuja matangi makubwa ya Oxfam, yale ya mabati ya mikunjo yanayofungwa kwa nati kama pete, ndani yake linatandikwa turubai la mpira. Lipo la lita 45,000, lipo la lita 70,000, lipo la lita 95,000. Maji yaliyovutwa yalitiwa shabu ili tope litulie chini, kisha yakatiwa klorini. Kutoka hapo yaliteremka kwa mabomba hadi kwenye vioski vya koki sita sita. Nilistaajabu kuona jinsi maji ya tope yanavyoweza kugeuka maji ya kunywa. Siku chache baadaye nilianza kustaajabia jambo jingine, nalo ni tope lililozunguka koki.

Fanya hesabu pamoja nami. Watu 250,000, kila mmoja akipata lita 5 tu kwa siku, wanatumia lita 1,250,000. Tumbo la mtu hubakiza kiasi kidogo. Yaliyobaki yanamwagika chini ya koki, yanafulia nguo, yanaosha sufuria ya maharage, yanamwogesha mtoto, kisha yanatafuta bonde. Mabonde ya Benaco yanarudi kwenye bwawa lile lile tulimovuta maji. Aliyenifundisha kazi, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa msimamizi wa mabomba, alikuwa akituambia kila asubuhi: «Vijana, hapa kuna mito miwili. Mmoja tumeuona, mwingine tunautengeneza sisi wenyewe.»

Kwa hiyo tulichimba. Chini ya kila kioski tulimwaga sakafu ya zege yenye ukingo, ikiwa na mteremko wa kuelekea upande mmoja. Mwisho wa sakafu ulikuwa na mfereji, na mwisho wa mfereji palikuwa na shimo la mawe. Tulianza kwa kuupima udongo: unachimba kishimo, unakijaza maji mpaka udongo ulowe, unakijaza tena, kisha unapima yameshuka kiasi gani kwa nusu saa. Mchanga safi unaweza kunywa lita 50 hivi za maji machafu kwa siku kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa shimo. Tifutifu hunywa nusu ya hapo. Mfinyanzi hauzidi lita 10. Kipimo hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa shimo, na ndiyo maana fundi anayechimba bila kupima anabahatisha kwa mali ya mtu mwingine. Shimo lilijazwa mawe makubwa chini na madogo juu, likafunikwa kipande cha turubai, kisha udongo, ili mbu wasipate mlango.

Penye majiko ya pamoja tuliongeza kitu kimoja ambacho nimekitumia maisha yangu yote. Kabla maji hayajaingia shimoni yalipitishwa kwenye pipa lenye matundu lililojazwa nyasi kavu. Nyasi zilinasa mafuta na makombo. Ziliondolewa kila siku, zikachomwa, zikawekwa nyingine. Mahali ambapo wanawake wa kambi walikabidhiwa pipa hilo na kulisimamia wenyewe, shimo lilidumu. Mahali ambapo nyasi ziliachwa mpaka zikaoza, shimo lilifurika mapema na kazi yote ikarudiwa.

Ngara kulikuwa na kuhara damu, na watu walikufa. Hata hivyo hayakutokea maafa ya kiwango cha Goma. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Goma, katika Zaire ya wakati huo, wakakaa juu ya mwamba wa volkano usiochimbika. Vyoo havikuwezekana kwa haraka, mashimo ya maji hayakuwezekana, na Ziwa Kivu likawa ndilo kisima na ndilo mfereji. Watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Nimefikiri mara nyingi juu ya tofauti hiyo. Ngara tulipata nafasi zaidi, watu wachache zaidi, na misaada iliyowahi. Lakini tulikuwa pia na ardhi inayokubali jembe, na hilo fundi hawezi kulipita bila kulitaja.

Dunia nayo ilijifunza. Tathmini kubwa ya misaada ya Rwanda ilitolewa mwaka 1996, na mwaka uliofuata mashirika ya misaada yakaanzisha mradi wa Sphere, ambao kitabu chake cha viwango kilitoka mwaka 2000. Humo mliandikwa mambo ambayo sisi wabeba mabomba tuliyaona kwa macho: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, koki moja isihudumie zaidi ya watu 250, choo kisichimbwe chini ya mita 30 kutoka chanzo cha maji, na pasiwe na maji yaliyotuama kuzunguka koki. Hayo leo yanasomwa kote duniani panapozuka janga, na sehemu ya asili yake ni matope ya Benaco na mawe ya Goma.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao. Kambi zikabomolewa, matangi yakafunguliwa nati moja moja, na mimi nikarudi nyumbani na bisibisi, spana na pima maji. Benaco ikabaki kuwa mji wa barabarani, na mkusanyiko mpya ukaanza kujengeka polepole bila mtu kuutangaza. Huu ni mkusanyiko wa malori.

Mizigo ya Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ilizidi kupita kwetu kutoka bandari ya Dar es Salaam na kutoka Isaka. Mwaka 2016 lilizinduliwa daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha, likachukua nafasi ya daraja jembamba la mwaka 1972. Kabla ya hapo, katika miaka ya ujambazi wa mapori ya Biharamulo, magari yalisubiri kusindikizwa na polisi, na kusubiri huko kuliwafundisha madereva kuishi ndani ya magari. Nyuma ya kiti pana kitanda. Pembeni mwa tela pana sanduku lenye jiko, sufuria, unga na mafuta. Chini ya tela limefungwa tangi dogo la plastiki lenye koki. Utingo anawasha jiko kivulini mwa matairi, anasonga ugali, anaosha vyombo, anafua, na jioni wote wawili wanaoga nyuma ya tela wakiwa na ndoo na taulo. Hiyo ni nyumba kamili, yenye jiko, kitanda na bafu. Kitu pekee isichokuwa nacho ni njia ya kutokea maji.

Lori moja halina madhara. Linafanya alichokifanya bibi yangu, leo linamwaga hapa, kesho pale. Lakini malori hamsini yakiegeshwa kila usiku katika uwanja mmoja wa changarawe iliyoshindiliwa, maji yao yote yanaangukia mahali pale pale, yakiwa na sabuni na mafuta, juu ya ardhi ambayo mashine imeifunga makusudi isinywe maji. Mvua ya masika ikishuka inayabeba yote mpaka kwenye kisima kilicho chini ya uwanja. Nimeitwa kutengeneza pampu ya kisima cha namna hiyo. Pampu ilikuwa nzima, na maji yake yalikuwa na povu.

Dunia ya magari ya kulala imepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ya Marekani ilionyesha gari la kifahari ambalo kiti chake cha nyuma kiligeuka kitanda, na nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na sinki la kukunjua. Kwa miaka mingi maji ya masinki ya magari kama hayo yalimwagwa barabarani. Mabehewa ya reli yetu ya zamani nayo yalikuwa na vyoo vilivyodondoshea moja kwa moja kwenye mataruma. Magari yalipokuwa mengi na viwanja vya kuyaegesha vikaanza kunuka, ndipo nchi nyingi zilizoendelea zikaanza kudai magari hayo yabebe maji yake machafu tangini, na viwanja viwe na mahali pa kuyamwaga.

Baadhi ya magari hayo hupita kwetu, yakiwa na wageni wanaozunguka Afrika kwa barabara na kuelekea Rwanda. Moja lililetwa kwangu na mume na mke wazee kutoka Ujerumani. Maji ya sinki yalikuwa hayashuki, na gari likipanda mlima yaliibukia kwenye sakafu ya bafu. Ndani kulikuwa na harufu ya kuumiza kichwa. Kijana ninayemfundisha kazi aliingiza waya, akatoa donge la mafuta, maji yakashuka.

«Mzee, limeshafunguka,» akasema. «Tuwaache waende zao.»

«Bado, mwanangu,» nikamwambia. «Umelitoa donge, hujaondoa kilicholileta. Lala chini ya gari uangalie bomba linapita vipi.»

Alilala, akaangalia, akaelewa. Bomba lilikuwa mpira mwembamba wa mikunjo. Kati ya kifungo na kifungo lilikuwa limelegea na kufanya tumbo, na katika kila tumbo maji yalilala na mafuta yakaganda. Halikuwa na bomba la hewa, kwa hiyo kila sinki lilipomwaga, maji yalivuta yale yaliyobaki kwenye kona ya chini ya sinki, na harufu ya tangi ikapata njia ya kupanda. Kona hiyo inayobakiza maji ili kuzuia harufu ni ya zamani: Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, alipewa hataza ya choo chenye kona kama hiyo mwaka 1775. Hadi leo inafanya kazi kwa sharti lile lile, kwamba maji yake yasinyonywe.

Tuliuondoa mpira wote tukaweka bomba gumu la plastiki la milimita 40, laini kwa ndani. Bomba hilo tulilipa mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, na tuliupima gari likiwa limesimama kwenye simenti iliyosawazishwa. Vifungo tuliviweka karibu karibu, nusu mita hivi kati ya kimoja na kingine, kwa sababu matuta na rasta za barabara yetu hulegeza kila kitu. Maungio hatukuyagandisha yote kwa gundi. Baadhi tuliyapa pete za mpira, kwa maana fremu ya gari hujipinda kwenye njia mbovu, na bomba lisilokubali kujipinda hupasuka. Tulipandisha bomba la hewa mpaka juu ya paa. Mdomo wa kutolea tangini tuliuhamishia kwenye kona ya chini kabisa na kuufanya wa milimita 50, wenye mlango wa kuvuta, ili maji yatoke kwa kishindo na kubeba mashapo yake. Juu ya tundu la sinki tuliweka kichujio cha kutolewa kwa mkono. Mwisho nilimwambia mama yule, kwa mikono na kwa maneno ya kijana wangu, afute mafuta ya sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha. Alicheka, akasema mama yake alimfundisha hivyo hivyo.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa kipya kwangu. Mteremko ni ule wa sakafu za vioski vya Benaco. Kichujio ni lile pipa la nyasi. Kufuta sufuria kabla ya maji ni majivu ya bibi. Kilichobadilika ni kwamba shimo la mawe halimo ndani ya gari, na hapo ndipo swali linapotoka kwa fundi na kuja kwetu sote. Mume yule aliniuliza: tangi likijaa, nilimwage wapi kati ya hapa na Rusumo? Nilimwonyesha shimo la gereji yangu na migomba iliyo pembeni yake. Zaidi ya hapo sikuwa na mahali pa kumwelekeza.

Swali hilo lilinirudia mwanzoni mwa mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitika Biharamulo. Watu kumi waliugua, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na wanane wakihesabiwa kuwa walikuwa nao, na wote kumi wakafariki. Tarehe 13 Machi ulitangazwa kwisha. Katika wiki hizo ndoo za kunawia zilikuwa kila mahali: stendi, sokoni, mlango wa zahanati, geti la shule. Marburg huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na kunawa ni kinga ya kwanza. Lakini mahali ambapo chini ya ndoo hapakuwa na beseni wala kifereji, pakawa tope kwa muda mfupi, na watu wakaanza kupita pembeni wakikwepa kuchafua viatu. Mahali palipokuwa na kokoto na kishimo, foleni iliendelea. Pale tope lilipowafukuza watu, kinga iliwekwa na kisha ikapotea kwa kukosa kitu kidogo ambacho jembe lingekimaliza asubuhi moja.

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Wakala wa maji vijijini, RUWASA, tangu uanze mwaka 2019 umebeba usafi wa mazingira ndani ya jina lake lenyewe. Kinachotakiwa ni kuzileta sheria hizo chini, mpaka kwenye changarawe ya uwanja wa malori.

Ninachoomba kinawezekana. Kila mwenye uwanja wa kuegesha malori kati ya Nyakanazi na Rusumo atenge pembe moja. Amwage sakafu ya zege yenye ukingo na mteremko, aweke koki mbili za maji safi, aweke chemba yenye nyasi au kichujio cha kunasa mafuta, kisha shimo la mawe lililopimwa kwa udongo wa mahali pale, mbali na kisima na upande wa chini yake. Pembeni apande migomba. Dereva aoshe vyombo pale, afulie pale, na mgeni mwenye gari la kulala amwage tangi lake pale na alipie. Halmashauri za Biharamulo na Ngara ziweke sharti hilo kabla ya kutoa kibali cha uwanja mpya, na maofisa afya waikague pembe hiyo kama wanavyokagua vyoo vya migahawa. Mafundi wenzangu, tusikubali kufunga bomba la kuingiza maji kabla mteja hajatuonyesha yatakapotokea.

Nanyi madereva na utingo mnaolala barabarani, mna haki ya kudai mahali pa kunawa penye sakafu kavu. Dai hilo mlipeleke kwa mwenye uwanja kabla hamjalipa ada ya kuegesha.